Bangili ya tiba baada ya baipasi ya tumbo: iandikwe nini, na nani ataisoma

Swali

Shikamoo daktari. Nina miaka 38, naishi Tanga, nafanya biashara ya vitenge. Miezi minane iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito huko India, ule wa baipasi, na namshukuru Mungu kilo zimepungua na kisukari kimetulia. Dada yangu anayeishi Leicester, Uingereza, kila tukiongea ananihimiza ninunue bangili ya tiba, ile inayoandikwa hali ya mtu, anasema wenzake wa huko waliofanyiwa wanavaa. Mume wangu anaona ni kupoteza hela. Hapa nyumbani anayejua habari ya upasuaji ni yeye peke yake. Wengine nimewaambia nimeacha wali na nafanya mazoezi. Kila baada ya wiki mbili nasafiri kwa basi kwenda Kariakoo kuchukua mzigo, mara nyingi peke yangu. Mwezi uliopita mgongo ulinikaza, nikachomwa sindano ya diklofenaki kwenye zahanati ya mtaani. Sikumwambia nesi kitu maana ni jirani yetu. Tumbo likawaka wiki nzima, na mpaka leo nikila pilipili linanikumbusha. Je, bangili ni lazima? Kama ni lazima, iandikwe nini? Na watu wakiuliza niwajibu vipi?

Jibu

Marahaba, dada. Naanza na jambo ambalo hukuliuliza, ile sindano, kwa sababu ndilo la haraka zaidi katika barua yako.

Mtu aliyefanyiwa baipasi ya tumbo hatakiwi kupewa diklofenaki, iwe ya kumeza au ya kuchoma. Watu wengi, wakiwemo wahudumu wa afya, wanaamini sindano ni salama kwa kuwa haipiti tumboni. Sivyo inavyofanya kazi. Dawa hii ikishaingia kwenye damu, kwa njia yoyote iliyoingilia, inauzuia mwili kutengeneza kemikali zinazoulinda utando wa tumbo dhidi ya asidi. Kwako kuna sehemu iliyo dhaifu kuliko zote: pale kifuko kidogo cha tumbo ulichobakiziwa kilipounganishwa na utumbo mwembamba. Utumbo huo haukuumbwa kupokea asidi moja kwa moja, wala hauna kinga ambayo tumbo linayo. Kidonda kikitokea hapo kinaweza kuvuja damu, na kinaweza kutoboka. Ibuprofeni, ambayo wengi tunaiita brufeni, indomethasini na meloksikamu ziko kundi hilo hilo. Vivyo hivyo vile vidonge vya maumivu vya kuchanganywa vinavyouzwa dukani: geuza pakiti usome, ukikuta aspirini ndani, rudisha. Kwa maumivu ya mgongo dawa yako ya kwanza ni parasetamoli, kwa kipimo cha kawaida.

Kwa hiyo nenda hospitali ya Bombo wiki hii. Mwambie daktari mambo matatu kwa mfuatano huu: nilifanyiwa baipasi, nilichomwa diklofenaki, tumbo limekuwa likiwaka tangu siku hiyo. Huenda akakuanzishia dawa ya kupunguza asidi na kukupangia kipimo cha kamera. Ukipata choo cheusi kinachonata, ukitapika damu, ukihisi kizunguzungu unaposimama, au maumivu yakiwa makali ghafla, usingoje miadi. Nenda saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Sasa bangili. Hakuna sheria inayokulazimisha, na madaktari wa upasuaji wenyewe hawana kauli moja: wako wanaomwagiza kila mgonjwa aivae, wako wanaoona kadi kwenye pochi inatosha. Lakini hukuniuliza kuhusu kila mgonjwa, umeniuliza kuhusu wewe. Umefanyiwa baipasi, unasafiri peke yako kilomita mia tatu na zaidi mara kwa mara, na karibu kila anayekuzunguka anadhani umepungua kwa kuacha wali. Kwa mtu wa hali yako jibu langu ni ndiyo, inunue. Hili la tatu ndilo linalonisukuma zaidi kuliko mengine. Ulikuwa na fahamu zako zote, umekaa mbele ya nesi, na bado habari haikumfikia. Fikiria siku ambayo hutaweza kusema.

Tuseme basi limepata ajali karibu na Chalinze. Wasamaria wema wanakutoa, polisi wanakupakia kwenye gari lililopita, unafikishwa hospitali ya Msoga au Tumbi ukiwa huna fahamu. Mkoba umebaki kwenye basi, simu haijulikani iko wapi. Daktari wa zamu anakuona mwanamke wa umbo la kawaida. Upasuaji wako ulifanywa kwa matundu madogo, kwa hiyo tumboni ana makovu machache ya kuangalia, mengine hayazidi sentimita moja, na miezi ikipita yanafifia. Mgonjwa wa kisukari tunaweza kumgundua kwa tone la damu ndani ya dakika moja. Baipasi ya tumbo haina kipimo cha aina hiyo. Mtu asipoambiwa, hajui.

Na asipojua, anaweza kufanya jambo ambalo kwa mgonjwa mwingine ni sahihi kabisa. La kwanza tumeshalisema: sindano ya diklofenaki kwa ajili ya maumivu, ambayo katika vituo vyetu ndiyo mkono wa mtoa huduma unayoikimbilia kabla ya nyingine. La pili ni ule mpira unaopitishwa puani hadi tumboni kwa ajili ya kunyonya hewa na maji au kulishia. Kwa kawaida mpira huu husukumwa bila kuona unakoenda, kwa kukadiria urefu tu, kwa sababu tumbo la kawaida lina nafasi ya kuupokea. Kifuko chako ni kama mililita 30 kilipotengenezwa, sawa na vijiko viwili vya mezani. Katika wiki za mwanzo baada ya upasuaji mpira uliosukumwa hivyo unaweza kutoboa palipounganishwa. Baadaye hatari hupungua lakini haiishi, na juu ya hapo mpira hauwezi kulifikia tumbo lako la zamani, ambalo bado liko ndani ya mwili na bado linatoa majimaji yake, ila njia ya chakula hailipitii tena.

La tatu ndilo linaloua watu kimyakimya, na ningependa ulielewe vizuri kuliko yote. Baipasi huacha mianya kati ya mikunjo ya utumbo. Madaktari wengi huishona, lakini mafuta ya ndani yanapoyeyuka kadiri mtu anavyopungua, mianya inaweza kufunguka tena. Utumbo ukipenya hapo unaweza kujinyonga na kukosa damu. Hali hii tunaiita ngiri ya ndani, na hutokea miezi au hata miaka baada ya upasuaji, wakati mtu ameshasahau kama aliwahi kulala kitandani India. Dalili yake ni maumivu makali ya tumbo, mara nyingi juu ya kitovu, yanayokuja na kuondoka au yasiyotulia, wakati mwingine na kichefuchefu. Daktari akibonyeza tumbo anaweza kulikuta laini. Picha ya kawaida ya eksirei inaweza kuonekana safi. Mgonjwa anaambiwa ni vidonda vya tumbo au gesi, anarudi nyumbani na dawa, na utumbo unaendelea kufa. Daktari anayejua kwamba mbele yake kuna mtu wa baipasi hamrudishi nyumbani. Anaomba kipimo cha CT, ile picha ya kompyuta inayoonyesha ndani ya tumbo, na anampigia daktari wa upasuaji. Hata CT inaweza kukosa kuonyesha, na hapo daktari wa upasuaji huamua kuingia kuangalia mwenyewe. Neno moja, baipasi, linageuza usiku mzima. Kama bangili yako ingekuwa na nafasi ya neno moja tu, ningeandika hilo na kuacha mengine yote.

Kuna sukari pia, na hapa nina ugomvi na baadhi ya bangili zinazouzwa mtandaoni. Utakuta zimechongwa tayari maneno yenye maana ya “asipewe sukari”. Chanzo chake kinaeleweka: baada ya baipasi, chakula au kinywaji chenye sukari nyingi hushuka kwa kasi kwenye utumbo, na mtu huanza kwenda mbio moyo, kutokwa jasho, kuumwa tumbo na kuharisha. Ni mateso, lakini yanapita. Sasa angalia upande wa pili. Baadhi ya waliofanyiwa baipasi, mara nyingi baada ya mwaka mmoja au zaidi, hupata hali ya sukari kushuka mno saa moja hadi tatu baada ya kula. Mtu anatetemeka, analoa jasho, anaongea maneno yasiyoeleweka, na ikizidi anapoteza fahamu au anapata degedege. Huku kwetu mtu wa namna hiyo anaweza kudhaniwa amelewa, ana kifafa, au amepandisha mashetani, akapelekwa kusomewa wakati ubongo wake unakosa sukari. Kwako wewe kuna mtego wa ziada: jamaa zako wanajua ulikuwa na kisukari, kwa hiyo watadhani imepanda. Ukiwa katika hali hiyo unahitaji sukari, tena haraka. Bangili inayosema usipewe inaweza kumfanya mtu asite dakika ambazo huna. Usiiandike.

Waeleze walio karibu nawe hivi: akiwa na fahamu na anaweza kumeza, apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji kidogo, asipewe chupa nzima ya soda, kisha akitulia ale chakula chenye protini kama yai au maharage ili sukari isishuke tena. Akiwa hana fahamu, asitiwe kitu chochote mdomoni, apelekwe hospitali akiwa amelazwa ubavu.

Jambo la mwisho la kitabibu ni kutapika. Mtu wa baipasi anayetapika kwa siku kadhaa, hasa katika miezi ya mwanzo, anaishiwa vitamini B1 haraka sana kwa sababu mwili hauna akiba kubwa nayo. Akifika zahanati amelegea anatundikiwa dripu ya sukari. Sukari hiyo inakula B1 kidogo iliyobaki, na ubongo unaweza kuumia: macho yanaona viwili, miguu inapepesuka, kumbukumbu inapotea, na kuna wasiorudia hali yao. Anatakiwa kupewa sindano ya B1 kwanza au pamoja na dripu. Hili ni refu kwa bangili, mahali pake ni kwenye kadi.

Iandikwe nini basi? Kibao cha bangili kinabeba mistari minne au mitano inayosomeka, na anayekisoma ana sekunde chache. Watu wengi huandika historia ya ugonjwa wao. Mimi nataka kibao chako kimpe msomaji maagizo: huyu ni nani, amefanyiwa nini, usimfanyie nini, umpigie nani. Mbele pachongwe alama ya tiba na jina lako kamili, na chini neno GEUZA. Nyuma pachongwe maelezo, na nakushauri yawe ya Kiingereza, kwa kuwa mafaili ya hospitali zetu huandikwa kwa lugha hiyo na huko India au kwa dada yako Leicester yatasomeka vilevile:

GASTRIC BYPASS, mwezi na mwaka
NO DICLOFENAC / NSAIDs
NO BLIND NG TUBE
Namba ya mumeo, ikianza na +255

Mstari wa kwanza ni upasuaji na tarehe yake, kwa sababu mtu wa wiki ya pili na mtu wa mwaka wa tano hawashughulikiwi sawa. Wa pili unakataza diklofenaki kwa jina na kundi lake lote. Aspirini nayo ni ya kundi hilo, ila sikuitaja kwa jina makusudi. Siku ukiwa mtu mzima zaidi na ukapata mshtuko wa moyo, daktari anaweza kuamua kukupa aspirini akijua hatari yake na kukulinda kwa dawa ya asidi. Kibao kisimfunge mikono katika uamuzi huo. Wa tatu, lile neno la katikati ndilo lenye uzito: mpira usisukumwe bila kuona. Ukiondoa neno hilo unakuwa umeukataza mpira moja kwa moja, na zipo siku mtu wa baipasi anauhitaji, kwa mfano utumbo ukiziba. Kwa msaada wa kamera au picha, na daktari wa upasuaji akishirikishwa, unawekwa.

Kama una mzio wa dawa, penisilini kwa mfano, huo unapanda juu ya yote. Kundi la damu liache. Watu hulipenda sana, lakini hakuna hospitali makini itakayokuongezea damu kwa kusoma mkononi mwako. Watapima upya kila mara, na mstari utakuwa umepotea bure.

Kabla hujaenda kuchonga, fungua ripoti uliyopewa India uhakikishe aina ya baipasi. Ziko mbili zinazofanywa sana: ya zamani yenye maungio mawili ya utumbo, na ile ya ungio moja ambayo wengi huiita baipasi ndogo. Kibao kitaandikwa baipasi vyovyote iwavyo, ila kadi lazima iseme ni ipi.

Dada yako wa Leicester hakosei, ila mazingira yake si yako. Utaratibu huu ulianzia Turlock, mji mdogo wa California. Mwaka 1953 binti wa daktari Marion Collins, aitwaye Linda, alijikata kidole, akapimwa kwa dawa ya kinga ya pepopunda, na kipimo hicho kikamletea mzio uliokaribia kumuua. Wazazi wake wakawa wanamfungia maelezo ya karatasi mkononi, na alipokwenda chuo wakamtengenezea bangili ya fedha. Mwaka 1956 wakaanzisha shirika la bangili hizi, MedicAlert. Nguvu ya bangili zile haikuwa kwenye chuma peke yake: nyuma yake kulikuwa na namba ya uanachama na ya simu, na aliyepiga alisomewa rekodi ya mgonjwa. Wewe ukivaa bangili yenye namba ya uanachama wa ng’ambo, muuguzi wa zamu Korogwe hatapiga simu California saa tisa usiku. Bangili yako lazima ijitosheleze yenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo sikushauri zile zenye mraba wa kuskani kwa simu, wala zenye kijiti cha kompyuta ndani. Zinahitaji intaneti, chaji, na mtu mwenye muda. Zikae kama nyongeza, zisiwe ndizo tegemeo.

Kuhusu chuma, chukua chuma cha pua. Hakipati kutu kwa urahisi kwa jasho na maji ya chumvi ya kwetu, maandishi ya kuchongwa kwa leza hayafutiki, na hakina cha kumvutia mwizi. Dhahabu inapendeza, lakini nimeona majeruhi wengi wakifika na alama ya saa mkononi na saa yenyewe haipo. Mpira wa silikoni wenye maandishi ya wino unafaa kwa muda tu, wino hufutika. Huhitaji kuagiza nje. Wanaochonga vikombe vya mashindano na beji za majina wanaweza kukuchongea kibao, na sonara akakifunga kwenye cheni. Waandikie maneno kwa herufi kubwa kwenye karatasi, na ukague kibao kabla hujalipa; herufi moja ikikosewa kwenye namba ya simu, namba nzima imekufa.

Chagua cheni inayopunguzwa pingili. Bado unapungua, kwa kawaida uzito huendelea kushuka mpaka mwaka mmoja na nusu hivi, na kifundo cha mkono kinasinyaa pamoja na mwili. Bangili inayokubana leo itachomoka miezi mitano ijayo ukiwa unafungua robota la vitenge. Ivae mkononi, si mguuni. Tunaposhika mgonjwa tunatafuta mapigo ya damu mkononi, tunafunga mashine ya presha mkononi, tunatafuta mshipa wa dripu mkononi. Kikuku chini ya gauni au soksi hakitaonekana kwa wakati. Mkufu wenye kidani si mbaya, ila chini ya mtandio na nguo mbili tatu unaweza kuchelewa kuonwa. Usiivue usiku wala bafuni. Utaivua kwa kipimo cha MRI na unapoingia chumba cha upasuaji, na hapo mkabidhi muuguzi ukimsomea kilichoandikwa.

Niseme ukweli mwingine: wafanyakazi wengi wa afya hapa nchini hawajazoea kutafuta bangili hizi. Mtu aliyejaa vikuku vya shanga na bangili za shaba anaweza kuonekana amevaa urembo, na kuna atakayedhani ni hirizi. Ndiyo maana nimekuambia alama ya tiba iwe mbele, tena kwa rangi nyekundu kama mchongaji anaweza, na uivae peke yake kwenye mkono huo. Ile alama ina fimbo iliyozungukwa na nyoka. Ni ile ile iliyoko kwenye magari mengi ya wagonjwa. Kama kanisani au nyumbani nyoka ataleta maneno, msalaba mwekundu usiutumie, una masharti yake ya kisheria. Andika TIBA kwa herufi kubwa, inatosha.

Na usiiachie bangili kazi yote. Weka kadi nyuma ya kitambulisho cha NIDA, moja kwenye mkoba wa safari na nyingine kwenye mfuko wa ndani. Humo andika aina ya baipasi, hospitali na tarehe, dawa na vitamini unazotumia, habari ya B1 ukitapika, na ile ya maumivu makali ya tumbo kwamba ngiri ya ndani ifikiriwe kwanza. Kwenye simu yako, iwe ya Android au iPhone, kuna sehemu ya taarifa za dharura ambazo mtu anaweza kuzisoma bila kujua namba yako ya siri. Jaza leo jioni, haichukui muda wa kupika uji. Ripoti ya India ipige picha, mtumie mumeo.

Mumeo. Namheshimu kwa kujali hela ya nyumba, tena ndiye mtu mmoja aliyetunza siri yako, kwa hiyo ndiye bangili yako ya pili. Mwambie nimeomba ajifunze maneno haya mpaka ayaseme bila kusoma: “Mke wangu alifanyiwa baipasi ya tumbo. Asichomwe diklofenaki. Asiwekewe mpira wa pua bila daktari wa upasuaji. Tumbo likimuuma sana, naomba CT.” Akiweza kuyasema mbele ya daktari aliyechoka na mwenye haraka, amefanya zaidi ya chuma chochote. Lakini hayumo kwenye basi la Kariakoo, na hapo ndipo hela ya bangili inapojibu.

Watu wakiuliza, huna deni la kueleza. “Nina dawa zinazonidhuru, imeandikwa hapo” ni jibu la kweli na linatosha kwa shangazi na kwa mteja. Maelezo yako nyuma ya kibao, hakuna atakayeyasoma ukiwa unahesabu chenji. Upasuaji uliofanyiwa ni tiba, kisukari chako kimetulia kwa sababu yake. Kuamua nani ajue ni haki yako. Ninachokuomba ni kwamba mhudumu wa afya asiwe miongoni mwa wanaofichwa. Jirani yako nesi anafungwa na kiapo cha siri kazini. Ukiona tabu, omba muongee pembeni, au mwonyeshe kadi bila kusema neno.

Na kwa kuwa bado una umri wa kuzaa: subiri angalau mwaka mmoja hadi mwaka na nusu tangu upasuaji kabla ya kubeba mimba, na usitegemee vidonge vya uzazi wa mpango kwani ufyonzwaji wake baada ya baipasi hauna uhakika, sindano, kijiti au kitanzi ni bora. Mimba ikija, sema baipasi siku ya kwanza ya kliniki, maana kile kipimo cha kunywa glukosi kati ya wiki ya 24 na 28 hakikufai, utapimwa sukari kwa njia nyingine, na maumivu ya tumbo wakati wa mimba kwako si ya kupuuzwa.

Wasomaji waliofanyiwa aina nyingine wasichukue maneno haya yote kama yalivyo. Aliyekatwa tumbo likabaki jembamba, bila kuunganishwa utumbo, anahitaji tahadhari ya mpira wa pua hasa katika wiki za mwanzo, na anaweza kuandika jina la upasuaji wake na tarehe. Hatari ya ngiri ya ndani haimhusu kwa namna ile. Mwenye mkanda uliofungwa juu ya tumbo avae bangili muda wote mkanda ukiwa ndani, kwa sababu akitapika bila kukoma hatua ya kwanza ni kuulegeza kwa sindano maalumu kupitia kile kitufe kilicho chini ya ngozi, na daktari asiyejua kama kipo hawezi kukitafuta. Aliyewekewa puto ndani ya tumbo anahitaji kadi yenye tarehe ya kuwekwa na tarehe ya kutolewa, atembee nayo mpaka puto litoke, na aionyeshe kabla ya kupewa dawa ya usingizi kwa upasuaji wowote mwingine, kwa kuwa chakula hukaa tumboni muda mrefu kuliko kawaida. Puto nyingi za maji hutiwa rangi ya buluu. Mkojo ukigeuka buluu au kijani, puto limepasuka au linavuja, na anatakiwa kufika hospitali siku hiyo hiyo.